Mafuta ya Karafuu Kwenye Bomba

Nzi hawakukaa kwa bibi. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona, kabla fundi hajaja na kabla bafu la juu halijavunjwa. Walikaa ukutani nyuma ya kitanda chake, chini, usawa wa goti, kwenye alama ya unyevu yenye ukubwa wa sahani. Bibi alilala hatua moja kutoka pale, mguu wake wazi, na hakuna nzi aliyemjali. Niliwaangalia siku tatu. Siku ya nne nilijua kwamba harufu iliyokuwa ikiisumbua nyumba nzima haikutoka kwa bibi.

Sikumwambia mtu. Mimi si msemaji. Nyumbani kwa mjomba waliniita Bubu, na wageni wengine walidhani ndilo jina nililopewa na wazazi.

Bibi alikuwa mama yake mjomba, na mama wa marehemu mama yangu. Alipoanguka na kuvunjika nyonga nilikuwa darasa la tano. Mjomba alitaka kutafuta mtu wa kumhudumia. Bibi akasema mtu wa nini na huyu yupo, kusoma kwake kutamfikisha wapi wakati anaogopa hata kumjibu mwalimu. Ikaishia hapo. Madaftari yangu yakaenda kuwashia moto, nami nikaenda kulala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Miaka minane.

Nilimwogesha, nilimgeuza, nilimbadilisha mashuka. Alikuwa na mtindo wa kunifinya upande wa ndani wa mkono, pale penye ngozi laini. Maji yakiwa ya moto alinifinya, yakiwa ya baridi alinifinya, na yakiwa sawasawa alinifinya pia, nisije nikadhani nimefanya vizuri. Akiwa macho aliniita. Nikienda uani aliniita. Nikiwa nimekaa mbele yake, namtazama, aliniita.

Mkaza mjomba, yaani mke wa mjomba, hakuwa na mchezo na harufu. Aliingia chumbani akiwa ameziba pua kwa mtandio, akapuliza manukato ya kopo kuzunguka kitanda hadi bibi akakohoa, kisha akatoka bila salamu. Wageni wakija aliwaambia wasishangae, humu ndani tuna mtoto mchanga wa miaka themanini. Walicheka. Mlango ulikuwa wazi na bibi alikuwa na masikio mazima.

Bibi alikuwa msafi maisha yake yote. Wageni wakishaondoka alinishika mkono.

"Ninuse," aliniambia. "Hapa shingoni. Nanuka?"

Nilitikisa kichwa.

"Sema kwa mdomo."

Sikusema. Akanifinya.

Fundi wa mabomba alikuja Jumatatu. Alikuwa mtu mzima mwenye magoti mabovu, akipanda ngazi kwa kutanguliza mguu mmoja na kuuvuta wa pili kama mzigo wa mtu mwingine. Kazi aliyoitiwa ilikuwa ya bafu la juu tu. Ang'oe vigae vya zamani, abadilishe choo na sinki, aweke vigae vipya ambavyo mkaza mjomba alikuwa ameshavipanga sebuleni ili kila anayeingia aulize bei. Lakini alipong'oa choo akaona mdomo wa bomba lililokuwa chini yake, aliinama karibu. Akaniomba nimshikie tochi. Akaligonga bomba kwa nyundo mara mbili.

"Unasikia?" aliniuliza. "Bomba zima hulia kama kengele. Hili linakohoa."

Alizungumza nami kama vile nilikuwa mtu wa kujua. Alisema haya ni mabomba ya chuma ya zamani, mazito, yalikuwepo kabla wenye nyumba hawajazaliwa. Kila kipande kinaingia kwenye mdomo wa mwenzake, nafasi inayobaki inashindiliwa nyuzi za katani, halafu juu yake yanamiminwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Ubaya wake ni kwamba huoza kwa ndani. Kwa nje utaliona jeusi, zuri, limekaa kwa heshima zake, kumbe limebaki ganda.

Alilifunga kwanza kwa mnyororo bomba linaloendelea hadi paani, lisije likamshukia, ndipo akakikata kile kipande kibovu. Kilipotoka alikibonyeza kwa kidole gumba na ukingo ukavunjika kama biskuti. Akacheka peke yake. "Kumbe kila asubuhi mlikuwa mnakaa juu ya hiki," alisema. "Nyinyi ni mashujaa."

Mahali pake akaweka bomba la plastiki, akaliunganisha na chuma kwa viungo vya mpira vyenye kanda za kukaza. Kisha akaniuliza bomba likitoka hapa linashukia wapi. Nilinyoosha kidole chini. Chini yetu kilikuwa chumba cha bibi.

Akashuka, akaingia kwa adabu, akamwamkia bibi, akaomba ruhusa ya kusogeza kitanda. Aliinama kwa shida mbele ya ile alama ya unyevu, akagonga, akaweka sikio. Plasta ilikuwa nene, sauti haikutoka. Akamwita mjomba na kumwambia kwamba ukuta huu ufunguliwe, yeye ana wasiwasi bomba limepasuka humu ndani, na harufu inayosikika huenda ni ya bomba.

Mkaza mjomba alikuwa nyuma ya mjomba, mtandio puani.

"Fundi, wewe tumekuita bafuni," alisema. "Huku chini tatizo letu tunalijua. Hilo hapo limelala."

"Nimesikia," bibi alisema.

"Ndiyo maana nimesema," mkaza mjomba alimjibu.

Fundi aliangalia vidole vyake. Mjomba aliangalia simu. Ndipo ikatoka habari ambayo mimi na bibi hatukuwa tumeambiwa. Jumamosi ile bibi alikuwa anahamishwa. Anakwenda kukaa kwa mtoto wake wa kambo, mtoto wa marehemu mume wake, upande wa pili wa mji. Bibi alimlea mtu yule kwa matusi tangu akiwa mdogo, hakumpa hata kiti cha kukalia mezani, na kila mtu katika ukoo aliijua habari hiyo. Chumba hiki kingepakwa rangi na kuwekwa meza ya kulia chakula.

Kwa mara ya kwanza nilimwona bibi akiogopa. Hakulia. Alianza kulikunja shuka kidogo kidogo kwa vidole, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondokea humo.

"Mwanangu," alimwambia mjomba, "yule atanilipa."

Mjomba akasema harufu hii hakuna anayeweza kuivumilia, hata yeye amechoka kula akiwa amebana pua. Kama ni mama, basi ni mama. Fundi akakohoa. Akasema ipo njia ya kujua bila kuvunja hata tofali moja. Mafundi wa zamani waliitumia. Unanunua mafuta ya karafuu, yale ya kutulizia jino, unapanda paani, unayamimina kwenye bomba la kupumulia pamoja na ndoo ya maji ya moto, kisha unaziba mdomo wake kwa tambara. Mvuke unazunguka ndani ya mabomba yote. Palipo na ufa, karafuu itatokea hapo.

"Nyumba ina pua nne," alisema. "Hakuna atakayebishana na pua yake."

Mjomba alifikiri. Nadhani alitaka jambo liishe bila yeye kulaumiwa na yeyote.

"Sawa," alisema. "Karafuu ikitokea chumbani kwa mama, nitavunja ukuta na mama habanduki hapa. Isipotokea, Jumamosi anakwenda, na sitaki kusikia neno."

Alhamisi asubuhi fundi alikuja na kichupa. Madirisha yote yakafungwa. Sinki la jikoni likajazwa maji, na tundu la choo bafuni juu likazibwa kwa matambara na udongo, mvuke usitokee huko. Yeye hakuweza kupanda ngazi ya nje kwa ajili ya magoti, na isitoshe pua yake ilihitajika chini. Mkaza mjomba akasema yeye si nyani. Ikabaki mimi.

Fundi alinishika bega, akanieleza polepole, mara tatu, kwa sababu alikuwa ameshanisikia nikiitwa Bubu. Anayemimina mafuta haya haingii ndani. Yanakaa mikononi, yanakaa kwenye nguo, tone moja linajaza chumba. Ukiingia umeharibu kila kitu, hakuna atakayejua harufu imetoka ukutani au imetoka kwako. Kaa paani hadi nikuite. Hata nikichelewa, kaa.

"Umenielewa, mwanangu?"

Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeelewa mara ya kwanza.

Kabla sijatoka, bibi aliniita. Nikaenda. Hakunifinya. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniambia nimimine yote, nisibakishe hata tone.

Paa lilikuwa bapa, la zege. Bomba lilichomoza pembeni, refu hadi kiunoni kwangu, limechubuka rangi. Nilimimina mafuta, yakanidondokea mikononi na kifuani, macho yakanichoma. Nikamimina maji ya moto, bomba likanguruma hadi chini kabisa. Nikaziba kwa tambara. Kazi ilikuwa imekwisha, ikabaki kukaa.

Nilikaa. Jua lilikuwa bado halijawa kali. Niliona nyuma za nyumba za jirani, kamba za nguo, mwanamke akisuka nywele za binti yake, na binti akilalamika. Hakuna aliyeniita. Nilisubiri kuitwa kama mtu anayesubiri jino liume tena, na halikuuma. Nadhani ilikuwa dakika kumi, au kumi na tano. Tangu nikiwa na miaka kumi na miwili sikuwahi kukaa dakika kumi na tano bila kuitwa. Nikasimama, nikashuka ngazi.

Niliingia kwa mlango wa jikoni, miguu mitupu. Nilisikia sauti ya fundi juu, bafuni, akimwambia mjomba anuse kiungo cha mpira, kiungo kiko sawa. Walikuwa wameanzia juu, wangemalizia chumbani kwa bibi. Nikapita ukumbini hadi mlangoni kwake. Mlango ulikuwa umefungwa na fundi alikuwa ameweka shuka chini yake ili hewa isipite.

Nikashika kitasa. Ndani, bibi alikuwa anaongea peke yake.

"Karafuu," alikuwa anasema. "Karafuu hiyo. Ni karafuu." Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, kama msichana.

Nikafungua, nikaingia, nikafunga. Nikaenda kukaa kitandani kwake, nikaweka mikono yangu juu ya shuka lake.

Aliniangalia. Alikuwa ameelewa pia maelezo ya fundi, akili yake haikuwa na kasoro. Mdomo wake ulibaki wazi. Alikuwa bado ananiangalia hivyo mlango ulipofunguliwa na fundi, mjomba na mkaza mjomba wakaingia pamoja.

Chumba kizima kilikuwa karafuu. Fundi alianza kutabasamu, akaniona. Uso wake ulishuka. Alisema, "Mwanangu, mwanangu," akaegemea mlango.

Mkaza mjomba alitoa mtandio puani ili acheke vizuri. Akasema kumbe harufu ina miguu. Akasema kama mnataka kujua bomba limepasukia wapi, limepasukia hapo kitandani, lina mikono miwili na halisemi.

Fundi hakukata tamaa mara moja. Aliinama ukutani, akanusa, lakini pua yake ilikuwa imeshajaa. Akasema arudi Jumatatu na kichupa kingine, nyumba ikishapata hewa. Mkaza mjomba akamwambia Jumamosi inakuja kabla ya Jumatatu.

"Ilikuwepo kabla hajaingia," bibi alisema. Alijaribu kujiinua kwa viwiko. "Mwanangu, naapa. Harufu imetoka ukutani, yeye akaingia baadaye. Nilikuwa naisema kwa sauti. Alikuwa mlangoni, lazima amenisikia. Muulize."

Mjomba akanigeukia. Hakuwahi kuniuliza kitu muhimu kabla ya siku ile.

"Ni kweli?" aliniuliza. "Ulimsikia?"

Wote wanne walinitazama. Madirisha yalikuwa bado yamefungwa. Niliangalia mikono yangu iliyong'aa mafuta.

"Jibu tu kwa kichwa," fundi aliniambia taratibu. "Si lazima useme."

Nilibaki nimeinamisha kichwa. Hakikupanda wala hakikutikisika.

"Mwacheni," mkaza mjomba alisema. "Huyu ukimuuliza jina lake anafikiri kwanza."

Mjomba akashusha pumzi. Aliponitazama mara ya pili, nilimwona ameridhika. Alifungua dirisha yeye mwenyewe.

Jumamosi bibi alibebwa kwenye kiti cha plastiki na wanaume wawili hadi kwenye gari. Mimi nilibaki kwa sababu mkaza mjomba alisema mwenye mgeni ajitafutie mtumishi wake. Kabla mlango wa gari haujafungwa bibi aliniita, nikasogea. Nilijua atanifinya, nikampa mkono mimi mwenyewe. Aliupapasa tu.

Godoro lake lilichomwa uani, mashuka yakachomwa, sakafu nikaisugua kwa sabuni na chokaa. Siku ya tano harufu ilikuwa pale pale. Mkaza mjomba alisimama katikati ya chumba kitupu akinusa, akazunguka, akasema basi imeniingia mimi, miaka yote ile kwenye mkeka, lazima iwe imeniingia kwenye ngozi. Akaniamuru nioge mara tatu kwa siku. Niliogea uani, nyuma ya shuka lililotundikwa, na baada ya kila kuoga aliniita nisimame mbele yake, ageuze shingo yangu na kuninusa kama anayechagua samaki. Jioni moja alimwambia mjomba mbele yangu kwamba kuna damu ambazo hunuka, ni za upande wake mjomba, si za upande wao watoto wa watu.

Wiki ya tatu ukuta ulivimba, plasta ikadondoka yenyewe, na maji meusi yakatoka. Fundi akaitwa. Alifungua ukuta kwa tindo tangu chini hadi usawa wa kifua. Bomba lilikuwa na ufa mrefu kama mkono wangu kutoka kiganja hadi kiwiko, umefunguka kama mdomo. Alilining'iniza bomba la juu kwa kanda za chuma, akakata kipande chote, akakitoa nje, akakilaza kibarazani mbele ya mlango, mahali ambapo mjomba angelazimika kukiruka akiingia. Kwa ndani kulikuwa bado na harufu ya karafuu, hafifu sana. Fundi alininyooshea ninuse. Akakusanya vyombo vyake, na hajanizungumzisha tena tangu siku ile.

Mjomba alisema mama atarudishwa plasta ikikauka. Plasta ikakauka. Akasema basi rangi. Rangi ikapakwa, ya maziwa. Meza ikaja, na viti sita, na wageni wa mkaza mjomba walikisifu chumba kwa mwanga wake. Mimi nikapewa mkeka wangu nikalale jikoni.

Nilikwenda kumwona bibi mara moja tu. Yule mtoto wa kambo alikuwa amemweka ukumbini karibu na mlango wa nje, kila anayepita anapita juu ya miguu yake. Alikuwa na kidonda mgongoni. Sahani yake ilikuwa sakafuni, mbali kidogo na pale mkono wake unapofika. Mtoto wa kambo aliniambia kwa upole kwamba hapa hakuna anayemtukana bibi, hata neno moja hawamwambii, na ilikuwa kweli. Hakuna aliyemsemesha tangu alipofika.

Bibi alinishika mkono, akawaita watu wa nyumba ile kwa sauti kavu ili wanione. Wawili wakaja, kwa udadisi.

"Huyu ndiye mjukuu wangu," aliwaambia. "Walimwambia akae paani, akashindwa. Alishuka kwa ajili yangu. Alijua niko peke yangu na ninaogopa, akashuka. Ana haya, hajui kusema, ndiyo maana hakunitetea. Lakini ananipenda huyu. Wote mnaowaona, huyu peke yake."

Ilikuwa mara ya kwanza kunisifu. Nilimlisha uji, nikamgeuza, nikamfuta kidonda, nikaondoka. Alifariki kabla ya mwezi kwisha, na wanaosimulia habari zake hadi leo humalizia kwa mjukuu aliyeshuka paani.

Bibi, sikushuka kwa ajili yako. Haya ninazo, lakini siku ile sikuona haya. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, fupi, nikalibana kwa meno. Ulisema karafuu mara tatu nami sijafungua mlango. Ndiyo, mjomba. Nilimsikia. Nilifungua ili aondoke.